Andika Kama Shahidi: Ushauri kwa Anayetaka Kuandika Maisha Yake

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, hapa Likoni, Mombasa, ilipinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Idadi hiyo imeandikwa magazetini na katika kumbukumbu za serikali, na yeyote anayeitafuta ataipata. Lakini ni nani ameandika nyumba ipi ilibaki bila mshahara mwezi ule, mtoto yupi hakurudi shule muhula uliofuata, na jirani gani alipika kwa siku ngapi katika matanga ya watu? Hayo yamo vichwani mwa watu wa Mtongwe, Shika Adabu na Timbwani. Wengi wao sasa ni wazee, na kila mwaka tunazika baadhi yao pamoja na walichokijua.

Nawaandikia wale ambao wazo la kuyaandika hayo limewahi kuwajia: mstaafu wa bandari, mwalimu aliyefundisha vizazi viwili, mama aliyesomesha watoto kwa viazi karai, kijana anayetamani nyanyake azungumze, yeye ayaandike anayosema. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Andika kama shahidi. Shahidi husema alichokiona kwa macho yake. Asichokiona, hutaja aliyemwambia. Asilolijua hanyanyui mkono kulidai. Ukishika hilo, maisha yako yatafaa kusomwa hata kama hukuwahi kuwa mbunge wala mwanasoka.

Waliotutangulia

Kuandika maisha kwa Kiswahili si jambo geni lililoletwa jana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili akiwa mtu mzima Unguja, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni simulizi ya tajiri wa misafara: pembe za ndovu, mikopo, vita, njia za bara. Mwaka 1934 kikatoka kitabu kingine, Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela wa Frere Town, hapo Kisauni, makao yaliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Mbotela alieleza yaliyowapata watu wa upande wa pili, waliotekwa wakauzwa, akiwemo babake mwenyewe.

Vitabu hivyo viwili vinahusu karne moja na biashara moja, ya watumwa. Visome pamoja kabla hujaanza chako. Utaona jinsi msimuliaji mmoja anavyopita haraka mahali ambapo mwingine hawezi kupita bila kusimama. Kisha jiulize: katika maisha yangu mimi, ni nani alibeba mzigo nisiouona? Mfanyakazi wa nyumbani, mke wa pili, mpangaji, kibarua wa shambani. Wao pia wanaweza kukisoma kitabu chako, au watoto wao watakisoma.

Shaaban Robert wa Tanga, karani wa forodha kwa miaka mingi, aliandika Maisha Yangu na baadaye Baada ya Miaka Hamsini. Humo mna kazi, uhamisho, ndoa, na msiba wa mkewe Amina. Mna pia tenzi alizowaandikia watoto wake. Basi usiogope kutia shairi ulilomtungia mwanao au barua uliyompelekea nduguyo alipokuwa Saudia. Kwetu sisi shairi na barua ni sehemu ya maisha ya mtu, na wasomaji wa pwani hawatauliza vimeingiaje.

Na kama huna mazoea ya kalamu, watazame Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Hawa ni wanawake watatu wa Mombasa, wa tabaka mbalimbali, waliohojiwa miaka ya 1970 na watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel. Masimulizi yao yalitoka kama kitabu mwaka 1989 kwa Kiingereza, kisha 1991 kwa Kiswahili walichokisema wenyewe. Walizungumza, wakarekodiwa, na leo anayetaka kujua ndoa, kazi na ngoma za wanawake wa Mombasa zilivyokuwa lazima awapitie. Kusema ni njia halali ya kuandika.

Chagua kipande

Kosa linalowakwamisha wengi ni kutaka kuandika yote, tangu kuzaliwa hadi leo. Mtu huanza na ukoo wa babu wa babu, na kabla hajafika shule ya msingi daftari limemchosha. Chagua kipande cha maisha yako chenye mwanzo na mwisho: miaka ya kibarua bandarini, miaka mitano Jeddah, ndoa ya kwanza, utoto Mtongwe kabla ya umeme. Vipande vitatu vikikamilika utaona vinavyoungana, na hapo kitabu kitaanza kujionyesha.

Katika kuchagua, usikimbilie matukio makubwa peke yake. Likoni huandikwa inapotokea ajali au ghasia. Siku nyingine zote, maelfu ya watu wakivuka kwenda kazini na kurudi, zinapita bila mwandishi. Andika basi siku ya kawaida. Andika namna watu walivyopanga foleni ya maji, bei ya nazi ilipopanda jikoni palibadilika nini, nani alikuwa na televisheni ya kwanza mtaani na masharti aliyowawekea watoto waliokuja kutazama. Mjukuu wako atayasoma magazeti ya zamani akitaka ajali. Hayo mengine hatayapata popote ila kwako.

Kusanya kabla ya kuandika

Fungua kasha. Toa vyeti vya shule, kadi ya kliniki, pasipoti iliyokwisha muda, risiti ya kiwanja, kitambulisho cha kazi, picha zenye maandishi nyuma, leso uliyopewa siku ya harusi. Kila kimoja kiandikie mistari michache: kilitoka wapi, kwa nini hukukitupa. Usijali mpangilio.

Halafu tafuta tarehe. Wengi hukata tamaa hapa kwa kuwa hawakumbuki mwaka. Funga kumbukumbu yako kwenye jambo ambalo mwaka wake unajulikana. Ulifanya mtihani wa CPE au KCPE? CPE iliisha 1984 na KCPE ikaanza 1985. Ulilipwa kwa shilingi za Afrika Mashariki au za Kenya? Zetu zilianza 1966. Mzee Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Ulikuwa wapi habari zilipokufikia, na ulikuwa umeshaoa? Jaribio la mapinduzi ni tarehe 1 Agosti 1982. Ukame uliowalisha watu mahindi ya njano ni wa 1984.

Tumia pia kalenda zetu wenyewe. Mtu wa pwani hukumbuka upepo kabla ya mwezi, naye akikwambia kilikuwa kipindi cha kusi, bahari imechafuka, umeshaondoa nusu ya mwaka. Ramadhani nayo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo mfungo ukiutaja pamoja na majira yake unaweza kuupata. Anayekumbuka kufunga huku mvua za El Niño zikinyesha anaizungumzia Ramadhani iliyoanza mwisho wa Desemba 1997. Ukishindwa kabisa, andika "kati ya 1970 na 1973" na uendelee. Tarehe ya kubuni itamfanya msomaji akutilie shaka hata pale unaposema kweli.

Kaa na wazee

Kabla ya sura ya kwanza, kaa na mtu aliyekuzidi umri. Mwendee wakati wake, si wakati wako; kwa wengi ni baada ya alasiri, kazi zimepungua na chai iko mezani. Mwombe ruhusa ya kurekodi na umweleze sauti hiyo itatumika vipi. Ukikubaliwa, weka simu karibu naye, mbali na barabara ya bodaboda, na uanze kwa kutaja jina lake, mahali na tarehe. Jioni hiyo hiyo nakili faili mahali pa pili. Simu huibiwa, huanguka majini, na sauti ya marehemu haiombwi upya.

Swali pana huleta jibu la hotuba. Ukimuuliza nyanya, "Harusi za zamani zilikuwaje?" atakujibu zilikuwa za heshima, tofauti na za leo, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize: "Nyanya, siku ya harusi yako wali ulipikwa wapi, na nani alisimamia sufuria?" Utapata majina, uwanja, kuni zilikotoka, ugomvi wa mashangazi, na pengine jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Akisita, mwache asite. Usimsahihishe mwaka wala jina. Hilo utalifanya baadaye, peke yako, ukiwa na karatasi.

Wazee wawili wakikupa habari mbili zinazopingana, zishike zote mbili. Ami anasema shamba liliuzwa, shangazi anasema lilinyang'anywa. Andika: ami alisema hivi, shangazi alisema vile, na hati niliyoiona mimi inasema hivi. Usiwapatanishe kwa kalamu yako.

Uliyoyaona, uliyoyasikia, unayoyadhani

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na siku zilizofuata watu wakauawa, nyumba na vibanda vikachomwa, wengi waliotoka bara wakakimbilia kanisani, na vijana wengi wa hapa wakakamatwa katika msako uliofuata. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia hizo na nyinginezo, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Aliyeishi Likoni wakati huo ana kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hazifanani. Mwenye kibanda kilichochomwa anakumbuka jambo moja. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku anakumbuka jingine.

Ukifika kwenye sura ya namna hiyo, gawa ukurasa wako mara tatu. Sehemu ya kwanza andika uliyoyaona: ulikuwa wapi, mlango upi ulifungwa, ulisikia nini kwa masikio yako, nani alilala kwenu. Sehemu ya pili andika uliyoambiwa, na nani, na lini. Sehemu ya tatu andika unayoyadhani: nani alipanga, nani alifaidika. Utakapoandika sura yenyewe unaweza kuzichanganya, lakini msomaji aweze kujua kila sentensi inatoka sehemu gani. "Nilimwona" na "inasemekana alionekana" zikikaa pamoja bila alama, jirani asiye na hatia anaweza kubeba jina la muuaji kwa miaka 100 ijayo kwa sababu ya kitabu chako.

Hili si la 1997 pekee. Talaka ya wazazi, kifo cha ghafla, urithi uliogawanywa vibaya, vyote vina sehemu hizo tatu. Ukiziheshimu, hata anayekuchukia atalazimika kukubali kwamba ulichosema ulikiona.

Ukweli na stara

Hapa ndipo waandishi wengi wa pwani wanaposimama. Tumelelewa kwamba siri ya nyumba ni ya nyumba, na kwamba kumsema asiyekuwepo ni dhambi. Mafunzo hayo ni mazuri na sikushauri uyatupe. Lakini kitabu kisicho na jambo gumu hata moja kinakuwa kama risala ya mazishini: kila mtu mwema, kila ndoa ya amani, na msomaji hajui ni maisha ya nani.

Nakupa maswali matatu ya kupima kila habari nzito. La kwanza: habari hii ni yangu? Kuvunjika kwa ndoa yako ni habari yako. Ya ndoa ya dadako si yako, hata kama ulikuwemo nyumbani. La pili: simulizi yangu inaeleweka bila hii? Ikiwa inaeleweka, iache. La tatu: anayetajwa akikisoma, ataweza kupita mtaani kesho yake? Ikiwa hawezi, mwendee kabla hujachapisha. Msomee sehemu inayomhusu na umsikilize. Mara nyingi atakurekebisha jambo moja au mawili na kukuruhusu mengine. Akikataa kata kata, una uamuzi wa kufanya, lakini utaufanya ukimjua mtu, si kwa kumzunguka.

Kubadilisha jina husaidia kidogo tu. Ukiandika habari za kijana wa mtaa aliyeingia kwenye unga, akaiba kwao na baadaye akapona, hata ukimpa jina la Kiunguja watu wa mtaa wake watamjua kwa msikiti alimoswali na duka la babake. Ikiwa kweli unataka asijulikane, badilisha na mahali na kazi, na umwambie msomaji mwanzoni mwa kitabu kwamba umefanya hivyo.

Na stara isigeuzwe kuwa ngao ya dhalimu. Aliyepigwa, aliyedhulumiwa utotoni, aliyenyimwa haki yake ya mirathi, ana haki ya kusema yaliyompata. Hiyo ni habari yake. Kumtaja dhalimu kwa jina katika kitabu kilichochapishwa kunaweza kukupeleka mahakamani kwa madai ya kuharibu jina la mtu, kwa hiyo muulize wakili kwanza. Yaliyokupata, na yaliyokupata yalikufanya nini, yaandike bila kuomba radhi.

Kuandika kwenyewe

Tazama aya hii: "Maisha yalikuwa magumu sana wakati ule. Baba alijitahidi kwa hali na mali kutulea. Tulikuwa maskini lakini tulikuwa na upendo." Hakuna uongo ndani yake, na hakuna mtu ndani yake pia. Ingeweza kuandikwa na yeyote.

Sasa tazama hii, ambayo nimeitunga kwa mfano: "Baba alikuwa kibarua bandarini. Alitoka kabla ya adhana ya alfajiri apate feri isiyojaa, akasimame langoni na wenzake wangoje kuitwa. Siku aliyoitwa alirudi jioni na boflo mkononi. Siku asiyoitwa alirudi adhuhuri, akaketi barazani na viatu vyake miguuni, na mamangu, bila kumuuliza, aliongeza maji kwenye mchuzi." Neno umaskini halimo, wala upendo. Msomaji ameviona vyote viwili na hatakusahau.

Basi kila unapokutana na maneno kama "magumu", "furaha kubwa" au "siwezi kueleza", simama ujiulize: nilikuwa natazama nini wakati huo? Kulikuwa na harufu gani? Nani alisema nini? Andika hicho. Mafunzo mwachie msomaji. Mtu mzima huona uzito kukaa bila kunasihi, lakini sura inayoishia kwa wasia kwa vijana huwa imeshamaliza kazi yake aya moja kabla.

Waache watu waseme kama walivyosema. Nyanya aliyesema Kimvita aseme Kimvita, babu wa Kidigo atoe Kidigo chake, kuli mwenzako wa kutoka Ukambani asikike kwa lafudhi yake, mradi maana ipatikane katika maneno yanayozunguka. Maelezo yako wewe yaandike kwa Kiswahili kile unachozungumza ukiwa na wageni wa heshima. Usiazime Kiswahili cha taarifa ya habari. Kitakaa mwilini mwako kama suti ya kukodi.

Tenga saa moja isiyobadilika. Kwa wengi ni baada ya swala ya alfajiri, kabla ya nyumba kuamka. Anayevuka kila siku anaweza kusema maneno yake kwenye simu akingoja feri na kuyaandika mwisho wa wiki. Na asikwambie mtu kwamba huna vifaa. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, na mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Daftari la dukani linatosha.

Kukitoa

Rasimu ikiisha, iache mwezi mmoja bila kuigusa. Ukirudi, wape watu watatu: mmoja aliyekuwepo, akukosoe habari, mmoja asiyewajua kwenu, akwambie alipopotea, na mmoja mwenye jicho la lugha. Usiwajibu wakisema. Andika tu.

Halafu amua kitabu ni cha nani. Kikiwa cha familia, nakala 30 zilizochapwa na kufungwa vizuri katika duka la kuchapishia mjini zinatosha, na si aibu. Kikiwa cha kuuzwa, utahitaji mhariri wa kulipwa na nambari ya ISBN, ambayo Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mkataba wowote wa mchapishaji usome mbele ya mtu anayeelewa sheria, hasa sehemu inayosema haki za kitabu ni za nani na kwa muda gani. Kwa vyovyote, nakala moja isikae nyumbani kwenu. Mpe jamaa wa mji mwingine, au uliza maktaba kama itaipokea, kwa maana nyumba huungua na mafuriko huingia makashani.

Kwa leo, chukua daftari na uandike ukurasa mmoja juu ya siku moja ya kawaida. Juu yake weka tarehe ya leo, jina lako na jina la mtaa unaoandikia. Atakayeusoma baada ya miaka 50 atataka kujua kwanza shahidi ni nani, alikuwa wapi, na alisema lini.